Nyumba ya serikali, chumba cha kupanga au kiploti chako? Pima kwa mwezi mbaya

Jumapili moja jioni jirani yangu wa mlango wa tatu alibisha akiwa na simu mkono mmoja na daftari la shule mkono wa pili. Tunakaa ploti moja hapa Manyatta, Kisumu: vyumba kumi vya mabati, bomba moja la maji uani, vyoo viwili kwa sisi sote. Yeye hufulia watu nguo Milimani siku nne kwa wiki, na siku zilizobaki huuza omena langoni. Analea watoto watatu peke yake. Kwenye simu alikuwa amefungua Boma Yangu, mfumo wa kujiandikisha kwa nyumba za serikali.

"Dada, nijaze ama niache? Mmoja ananiambia nikijaza nitapata nyumba, mwingine ananiambia pesa zinaliwa tu."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Mjadala wa nyumba hizi nimeusikia kwenye matatu, kanisani na redioni, na karibu kila mara watu hubishana juu ya serikali: inaiba au haiibi, inajenga au haijengi. Mtu kama jirani yangu hapati la kushika hapo. Kwa hiyo tulikaa na daftari lake jioni tatu tukalinganisha njia zilizo mbele yake, na nimeamua kuandika tuliyoyaona kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kipimo tulichotumia ni kimoja: mwezi mbaya. Matangazo ya nyumba, ya mikopo na hata ya viwanja hupigwa hesabu kwa mwezi ambao kazi ipo na hakuna mgonjwa. Lakini mtu hapotezi nyumba kwenye mwezi mzuri. Huipoteza Januari karo ikiwa imemkaba, au Aprili mto Auji ukiwa umefurika na hakuna anayeanika nguo, au kwenye wiki kama zile za Juni na Julai 2024 ambapo mji ulifungwa na maandamano na kibarua cha siku hakikuwepo. Jirani yangu kwenye mwezi mzuri hupata kama shilingi 12,000. Kwenye mwezi mbaya, 6,000. Hesabu zote hapa chini nimezipitisha kwenye hiyo 6,000.

Nyumba ya serikali

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Tozo ya nyumba inayokatwa kwenye mshahara na nyumba unayoweza kununua ni vitu viwili tofauti. Tozo iko kwenye Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, iliyotiwa saini Machi mwaka huo baada ya ile ya kwanza, ya 2023, kutangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha katiba. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mwenye mshahara wa 20,000 hutoa 300 kila mwezi. Huo ni ushuru. Tozo haihesabiwi kuwa akiba yako, na ukikatwa miaka 5 bado utatakiwa kuweka amana kama mtu mwingine yeyote. Wengi wa wanaolalamika mtaani kwetu waliudhika siku walipogundua hilo, na siwalaumu, kwa sababu walivyoelezwa mwanzoni ni kama wanajiwekea.

Sheria hiyo hiyo inawagawa watu kwa mapato. Anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi amewekewa nyumba zinazoitwa za kijamii. Kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni nyumba za bei nafuu. Zaidi ya hapo ni za tabaka la kati. Kuna pia kundi la nyumba za vijijini.

Jirani yangu yuko kundi la kwanza. Bei iliyotangazwa ya chumba kimoja cha nyumba za kijamii, mita za mraba 20, ni shilingi 640,000. Ya vyumba viwili, mita 30, ni 960,000. Masharti tuliyoyakuta yalikuwa amana ya asilimia 10, kisha kulipa kila mwezi kwa miaka mingi kama mpangaji anayenunua polepole. Nyumba za Mukuru kule Nairobi zilipokabidhiwa Mei 2025, malipo yaliyotangazwa yalikuwa 3,900 kwa mwezi kwa chumba kimoja na 5,350 kwa vyumba viwili.

Sasa daftari. Amana ni 64,000. Akiweka shilingi 100 kila siku bila kukosa hata moja, zitamchukua siku 640, mwaka mmoja na miezi tisa. Kisha 3,900. Kwenye mwezi wa 12,000 anabaki na 8,100 na maisha yanaenda. Kwenye mwezi wa 6,000 anabaki na 2,100 kwa watu wanne, shilingi 70 kwa siku, na hapo sijaweka pesa ya kuzoa taka, taa za ngazi na mengine yanayokuja na jengo la ghorofa.

Hilo ndilo lililo baya. Mazuri nayo ni makubwa, na anayeyabeza hajawahi kulala Nyalenda au Manyatta ya chini wakati wa mvua. Ukutani kwangu, chini ya dirisha, kuna mstari wa matope wa mafuriko ya 2024, juu kidogo ya mguu wa kitanda. Nimeusugua na umekataa kutoka. Maji hayo hayakuwa ya mto peke yake. Yalipitia vyoo vya shimo kwanza. Nyumba ya mawe yenye choo ndani, bomba ndani na sakafu iliyo juu ya maji ni dawa kabla ya hospitali. Tena nyumba hizi zinajengwa mahali ambapo mtu wa kipato kidogo asingeweza kununua ardhi kamwe. Kisumu zimepewa viwanja vya mitaa ya zamani ya manispaa kama Makasembo na Lumumba, ambako unatembea kwa miguu hadi katikati ya mji. Nakuru, mradi wa Bondeni wenye nyumba 605 uko karibu vivyo hivyo. Afrika Kusini ilijenga nyumba nyingi za bure baada ya 1994, lakini nyingi ziliwekwa pembezoni mbali na kazi, na nauli ikala kile ambacho kodi ingekula. Hapo sisi tumefanya vizuri zaidi, na inafaa kusemwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likitajwa redioni: jina. Jirani yangu aliachika. Kwao baba ameshafariki na kaka zake wameshagawana shamba. Katiba ya 2010 inampa haki sawa na kaka zake, lakini kuidai haki hiyo ni kesi, nauli na miaka ya kutosalimiana. Kwa mume wa zamani hawezi kurudi. Kiwanja chochote atakachonunua kwa mdomo kijijini kitakuwa na shemeji au binamu wa kukiulizia. Nyumba iliyosajiliwa kwa jina lake na kitambulisho chake ni mlango ambao hakuna mwanaume wa ukoo atakayeuwekea kufuli. Alipoliona hilo alinyamaza muda mrefu, akaniuliza, "Hata nikifa, ni ya watoto?" Nikamwambia ndiyo, ni mali yake, itarithiwa kama mali nyingine. Kwake hilo lilikuwa na uzito kuliko choo cha ndani.

Mambo mawili zaidi kabla hujajaza. Huwezi kuiuza nyumba hiyo upendavyo. Unahitaji idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia nyumba hizo. Mimi naiona ni kinga nzuri. Kule Kibera, baadhi ya waliopewa vyumba kwenye mradi wa kuboresha makazi walipangisha wengine na kurudi walikotoka, kwa sababu kodi ya chumba kile ilikuwa chakula chao. La pili: fikiria kazi yako inafanyikia wapi. Wanawake wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya mbuta kutoka viwandani, wanahitaji uwanja, moto wa kuni na jirani asiyelalamikia moshi. Ghorofa ya tatu haina uwanja. Kwa mama huyo, kuhamia nyumba bora ni kuacha kazi. Hali ni hiyo hiyo kwa anayefuga kuku, anayeshona nguo mlangoni na mwenye mkokoteni.

Chumba cha kupanga

Watu husema kupanga ni kutupa pesa. Nilikuwa nikisema hivyo pia.

Jirani yangu analipa 2,500. Kwenye mwezi wa 6,000 anabaki na 3,500, si nyingi, ila ni 1,400 zaidi ya vile angebaki kwenye nyumba ya serikali. Na kuna kitu kisichoandikwa kwenye risiti. Ardhi ya Manyatta na Nyalenda, tofauti na Kibera iliyo juu ya ardhi ya serikali, kwa sehemu kubwa ni ya familia za wenyeji wenye hatimiliki tangu zamani. Mwenye ploti mara nyingi anakaa nyumba ya mbele. Unamjua, anajua watoto wako. Mwezi ukiwa mbaya unaenda kwake jioni, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unasema, "Mzee, niongeze wiki mbili," naye analalamika kisha anakubali. Mfumo wa malipo wa serikali hauna kiti cha plastiki.

Lakini si kila mwenye ploti ana moyo huo. Kabla ya kuja hapa nilikaa mahali ambapo mwenyewe aliponidai wiki tatu alimtuma kijana ang'oe mlango. Nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango umeegemezwa kwenye mti wa mwarobaini, bawaba zikiwa bado na misumari, na mtoto wangu amekaa juu ya godoro akilinda vitu. Wakati ule sikujua kwamba ipo sheria ya zamani ya kudhibiti kodi inayowalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi 2,500 kwa mwezi, na kwamba lipo baraza la kusikiliza kesi zao. Mwenye nyumba ya namna hiyo hana ruhusa ya kukufukuza au kupandisha kodi kwa neno lake tu. Wengi wa watu wa Manyatta na Obunga hapa Kisumu, na Kaptembwo na Rhonda kule Nakuru, wako ndani ya kiwango hicho na hawajui. Weka risiti zako, hata zile za ujumbe wa simu, maana mbele ya baraza ndizo mdomo wako.

Ubaya wa kupanga ni ule ule wa siku zote: miaka 20 baadaye bado unapanga, na mtaa ukiboreshwa unaoboreshewa ni mwenye ardhi. Mradi wa kuboresha makazi duni uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2011 ulileta barabara, mitaro na taa ndefu kwenye mitaa kadhaa ya Kisumu na Nakuru. Taa zimetusaidia sana. Mimi sasa natoka alfajiri bila woga. Mwaka uliofuata kodi ya ploti yetu ilipanda kutoka 2,000 hadi 2,500.

Hapa ndipo naona mjadala wa kitaifa umeruka jambo. Zamani neno nyumba ya serikali mjini lilimaanisha nyumba ya kupanga. Ondiek na Arina hapa Kisumu, Kivumbini na Flamingo kule Nakuru, zilikuwa za manispaa, zikapangishwa kwa kodi ndogo kwa wafanyakazi wa mji. Zilitelekezwa, mabomba yakaoza, kodi zingine hazikukusanywa, ni kweli. Lakini mtu aliyekuwa na mwezi mbaya hakuwa katikati ya mkopo wa miaka mingi. Leo hata zile tunazoziita za kijamii msingi wake ni kununua, na wapangaji wa zamani wa Makasembo walilazimika kupisha ujenzi wa nyumba ambazo sasa zina bei. Uingereza ilipitia njia inayofanana: sheria ya 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo. Walionunua walinufaika, hakuna ubishi. Ila nyumba zilizouzwa hazikujengwa nyingine za kutosha badala yake, na leo England peke yake ina zaidi ya familia milioni 1 kwenye foleni ya kusubiri. Scotland ilifuta haki hiyo 2016, Wales ikafuata 2019. Nchi ikishauza nyumba zake zote za kupangisha, anayekuja na mwezi mbaya mwaka ujao hukuta hakuna mlango wa kubisha.

Kiploti chako, au kwenu

Njia hii inapendwa kuliko zote na ndiyo yenye mashimo mengi, kwa hiyo nitaikagua polepole.

Uzuri wake ni kwamba haina tarehe. Unajenga unapopata. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta hadi kwenye linta, mwaka wa tatu mabati. Mwezi ukiwa mbaya unasimama, na hakuna anayekuja kuchukua matofali yako. Kwa mtu wa kibarua, hakuna malipo yanayolingana na mapato yake vizuri namna hiyo. Chama kikikupa zamu yako ya mzunguko unanunua mabati kumi unayaweka chini ya kitanda. Nimeona watu wamefika hivyo.

Lakini kiwanja. Viwanja vya bei ambayo sisi tunaweza kuigusa viko mbali, kuelekea Kibos, Kiboswa, Otonglo na zaidi, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku iingize kwenye daftari kabla hujalipa. Kisha udongo. Upande wa bonde, kuanzia Nyamasaria kwenda Ahero, ni udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Fundi mwaminifu atakwambia uuchimbe wote utoke, ujaze murram na mawe, ndipo uanze msingi. Fundi anayetaka kazi haraka hatakwambia, na baada ya misimu miwili ya mvua utapitisha vidole kwenye ufa wa ukuta. Upande wa Riat na Kajulu ardhi ni ngumu na yenye mawe. Msingi unashika, ila kuchimba choo ni kazi ya wiki.

Na karatasi. Ardhi nyingi pembezoni mwa mji bado iko kwa jina la babu aliyefariki. Mjukuu anayekuuzia anaweza kuwa na nia njema kabisa na bado asiwe na haki ya kuuza mpaka mirathi ifanywe. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hatimiliki kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kama ni ardhi ya kilimo, lazima idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane, na itolewe, la sivyo mauzo hayo ni batili. Mke au mume wa muuzaji akubali kwa maandishi. Mpimaji aoneshe vigingi mkiwa nyote mmesimama hapo. Haya yote yana gharama, na wenye haraka huyaruka ili kuokoa, kisha hupoteza kiwanja kizima.

Kwa mwanaume wa Kijaluo kuna hesabu nyingine ambayo mtu wa Nairobi huenda asiielewe. Atanunua ghorofa Lumumba kwa miaka mingi, na bado atatakiwa kujenga dala, yaani boma lake, kwao, kwa sababu huko ndiko atakakozikwa na ndiko wazee watakakouliza nyumba yake iko wapi. Simba, ile nyumba ndogo aliyoijenga akiwa kijana kwenye boma la baba yake, haihesabiki milele. Kwa hiyo swali lake ni nyumba mbili, na inafaa aulize mapema ni ipi itangoja. Kama kijijini ndiko moyo wake ulipo, chumba cha kupanga mjini na mabati mapya kwao ni mpango mzuri kabisa, hata kama hautapigwa picha siku ya uzinduzi.

Na kama wangetupa pesa tu?

Swali hili mzee mmoja wa Nyalenda aliniuliza akicheka, nami nalichukulia kwa uzito. Yeye yuko Inua Jamii, ule mpango wa serikali unaowalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, pamoja na kaya zenye yatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakijapanda kwa zaidi ya miaka 10, wakati unga, sukari na kodi vimepanda mbele ya macho yetu. Tena mara nyingi huchelewa na kuja kwa mkupuo wa miezi miwili au zaidi. Mwezi ambao hazikuja, mzee hukopa dukani; zikija, zinapitia mkononi mwake kwenda kwa mwenye duka.

Wapo wanaosema pesa za bure huharibu watu. Sisi wa upande huu tuna la kuwajibu, kwa sababu lilipimwa hapa hapa. Shirika la GiveDirectly lilitoa pesa kwa familia maskini Siaya, na watafiti wakafuatilia. Kwenye utafiti wa Rarieda, waliopewa walikuwa wakiishi kwenye nyumba za nyasi, na moja ya vitu walivyonunua sana ni mabati. Hakuna aliyewaambia wajenge. Kwenye utafiti mkubwa uliofuata, uliohusisha vijiji 653, zaidi ya kaya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kila shilingi iliyoingia ilizungusha kama shilingi 2.5 kwenye uchumi wa eneo hilo, wasiopewa nao wakanufaika, huku bei zikipanda kidogo sana. Pesa ikienda kwa fundi wa Siaya, fundi hununua samaki, muuza samaki hulipa karo.

Pesa peke yake haimalizi shida ya mjini, hata hivyo. Siaya mtu alikuwa tayari na kiwanja cha kuwekea mabati. Manyatta, ukimpa kila mpangaji shilingi 1,000 zaidi bila kuongeza vyumba, mwenye ploti ataisikia harufu yake. Mjini kunahitajika nyumba zaidi, na mimi siungi mkono wanaotaka ujenzi usimame. Ninachodai ni kwamba sehemu ya tozo hii ijenge vyumba vya kupangisha vya kaunti, kodi ikifuata mapato, kwenye viwanja vile vile vya manispaa. Na kwamba Inua Jamii iongezwe na ilipwe kwa tarehe inayojulikana. Kifungu cha 43 cha katiba kinataja haki ya makazi ya kutosha, na kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu. Vyote viwili viko kwenye ukurasa mmoja. Hatukuambiwa tuchague.

Basi nani achukue ipi

Kama mshahara wako unaingia kila mwezi kwa tarehe, wewe ni mwalimu, mlinzi wa kampuni, muuguzi, karani, usisite sana: jiandikishe, weka amana. Tozo unakatwa tayari, na hakuna mahali pengine utakapopata ardhi ya katikati ya mji kwa malipo hayo. Kama wewe ni mwanamke usiye na kwenu pa kurudi, jikaze zaidi kufikia hapo, hata kama itakuchukua miaka mitatu.

Kama unaishi kwa kibarua na mwezi wako mbaya haufiki mara tatu ya malipo, usiingie bado. Panga mahali palipo juu ya maji, shika risiti, na jenga polepole kwenu au kwenye kiploti ulichokikagua. Kazi yako ikiwa inahitaji moto na uwanja, usidanganywe na picha ya ghorofa.

Mzee wa Inua Jamii mwenye ardhi yake Nyalenda hahitaji nyumba ya serikali. Anahitaji mtaro mbele ya lango na pesa yake ifike kwa wakati.

Jirani yangu alisema hataki kuambiwa hapana wala ndiyo; anataka kujua mwenyewe. Tukapata njia. Tofauti ya 3,900 na kodi anayolipa sasa ni 1,400. Kwa miezi 12 anaziweka hizo 1,400 kwenye chama, kama vile ameshahamia. Akiweza kupita Januari na Aprili bila kukopa, atakuwa na 16,800, zaidi ya robo ya amana, na atajua mwili wake unaubeba mzigo huo. Akishindwa, pesa bado ni zake. Jina alilisajili kwenye Boma Yangu kwa sababu kujisajili ni bure, na yeyote anayekudai hela ya kukujazia au kukuweka mbele kwenye foleni ni mwizi.

Mwezi wa kwanza aliweka 1,400. Mwezi wa pili mtoto wa mwisho aliugua malaria, akaweka 900. Aliniletea daftari nilione. Zile 900 ameziandika kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameshachora mstari wa mwezi wa tatu.